Kabla ya kudai risiva mpya

Swali: "Shikamoo Kocha. Nina miaka 23, wazazi wangu walitoka Uvira, na tumeishi hapa Buffalo tangu nikiwa mtoto. Niliipenda Bills, timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, hata kabla sijazielewa sheria za mchezo. Tangu Januari 2025 tulipofungwa tena na Kansas City, kazini kwetu wimbo ni mmoja: risiva, yaani wadakaji wa pasi. Hatuna risiva, tununue risiva, tuchague risiva kwenye drafti, ule mgawo wa kila mwaka ambapo timu huchagua vijana wanaotoka vyuoni. Baba yangu, ambaye yeye hutazama soka tu, aliniuliza: 'Mkiwapata hao risiva, ndiyo mtashinda?' Nikakosa la kumjibu. Je, timu yetu inahitaji risiva wapya kweli?"

Marahaba, mdogo wangu. Mpe mzee salamu zangu, maana ameuliza swali ambalo mashabiki wengi hawajiulizi. Nimefundisha risiva wa shule za sekondari hapa Marekani kwa miaka 16. Hao ndio watu wangu, na ningefurahi kukuambia kwamba kila timu ikiongeza risiva mambo yatanyooka. Siwezi kukuambia hivyo. Ninavyoona mimi, Aprili hii ya 2025, Buffalo inamhitaji risiva mmoja, wa aina moja mahususi, na hata huyo si wa kwanza kutafutwa.

Nianze kwa kumfungulia mzee mlango wa mchezo wenyewe. Katika futiboli ya Kimarekani kila upande una watu 11 uwanjani. Kwotabeki ndiye anayepiga pasi kwa mkono. Mbele yake wapo watu watano wa laini, majitu ya kama kilo 140, ambao kazi yao ni kumkinga asiangushwe. Risiva hupangwa pembeni, hukimbia njia waliyopangiwa, na hudaka pasi. Timu inapewa majaribio manne, yanaitwa dauni, kusogeza mpira yadi 10. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Ni rahisi kuona kwa nini jicho la shabiki humwendea risiva. Ndiye anayeonekana akidaka, na ndiye anayeonekana akidondosha. Ni kama straika kule nyumbani: dirisha la usajili likifunguliwa tu, Kariakoo nzima inataka straika, hata kama mabao yote ya msimu uliopita yalipitia kwa beki wa kushoto aliyelala.

Sasa twende Kansas City, kwa kuwa kidonda chenu kiko huko. Katika misimu mitano, 2020 hadi 2024, Chiefs, timu ya huko, waliwatoa kwenye mtoano mara nne. Januari 2021 ilikuwa 38-24. Januari 2022, 42-36. Januari 2024, 27-24. Na hii ya Januari 2025, 32-29. Wenzako wa kazini wanasoma namba za upande wenu. Hebu soma za upande wa pili peke yake: 38, 42, 27, 32. Timu inayoruhusu pointi hizo haitibiwi na mdakaji.

Ile ya 2022 unaikumbuka, hata kama ulikuwa bado shuleni. Usiku ule risiva wenu Gabe Davis alidaka tachidauni nne, yaani mara nne alidaka pasi na mpira ukafika eneo la goli, na kupata yadi 201. Hakuna risiva mwingine aliyewahi kufunga nne katika mechi moja ya mtoano. Ya nne ilikuja zikiwa zimebaki sekunde 13, na Bills wakaongoza 36-33. Sekunde 13 tu! Pasi moja kwa Tyreek Hill, nyingine kwa Travis Kelce, kisha Harrison Butker akapiga teke la yadi 49, la pointi tatu, ikawa sare. Kwenye muda wa nyongeza Chiefs walianza na mpira, wakafunga, na Josh Allen, kwotabeki wenu, akabaki pembeni amesimama, hakuugusa tena. Ukiniambia mechi ile ilipotea kwa kukosa risiva, nitakuomba unionyeshe risiva gani angefanya zaidi ya alichofanya Davis.

Ya Januari 2025 inauma kwa namna nyingine, na hapa nataka tukae kidogo.

Chiefs wanaongoza 32-29, zimebaki kama dakika mbili. Bills wana dauni ya nne, wanahitaji yadi 5, mpira uko karibu na katikati ya uwanja. Kabla mpira haujaanzishwa, beki wa pembeni wa Chiefs, Trent McDuffie, amesimama mahali ambapo beki wa pembeni husimama siku zote. Mpira unaanzishwa. McDuffie hamfuati mtu yeyote. Anachomoka kumwendea Allen moja kwa moja, na hapana mtu wa kumzuia. Allen anarudi nyuma, anarudi tena, anautupa mpira juu kabla hajasimama vizuri. Dalton Kincaid anajirusha, mpira unamgusa mikono, unaanguka. Mchezo umekwisha.

Kesho yake nilisikia watu wakisema, "Tungekuwa na risiva wa maana angedaka." Kwanza, Kincaid si risiva, ni taiti endi, yule anayepangwa karibu na laini, nusu mkingaji nusu mdakaji. Pili, ile pasi haikupigwa ili idakwe vizuri. Ilipigwa na mtu anayekimbia kuokoa mbavu zake. Risiva waliokuwa pembeni walikuwa bado katikati ya njia zao. Ungemweka pale risiva bora kuliko wote duniani, bado mpira ungeondoka mkononi kabla hajageuza kichwa.

McDuffie alifikaje Kansas City? Machi 2022, Chiefs walimtoa Tyreek Hill, risiva aliyekuwa na mbio kuliko yeyote kwenye ligi, wakampeleka Miami kwa machaguo matano ya drafti. Miami wakampa Hill mkataba mpya wa miaka minne, dola milioni 120. Moja ya machaguo hayo, la 29, Chiefs walilitumia pamoja na mengine mawili kupanda hadi nafasi ya 21, na pale wakamchukua McDuffie. Kwa hiyo kijana aliyemfukuza Allen kwenye dauni ile alipatikana kwa kumwachia risiva aondoke. Hilo ningelibandika ukutani kazini kwenu.

Hill mwenyewe hakuharibikiwa Miami. Msimu wa 2022 alidaka pasi 119 kwa yadi 1,710. Msimu wa 2023 alidaka tena 119, safari hii kwa yadi 1,799, akaongoza ligi nzima. Lakini katika misimu hiyo miwili Miami hawakushinda mechi hata moja ya mtoano. Ya kwanza walifungwa na nyinyi, 34-31. Ya pili walipangwa kwenda Kansas City, Januari 2024, kwenye baridi ya karibu nyuzi 20 chini ya sifuri, wakafungwa 26-7. Pointi zao zote siku hiyo zilitokana na tachidauni moja ya yadi 53, na mfungaji alikuwa Hill. Alifanya kazi yake. Wenzake hawakuwa na ya kwao.

Na Chiefs? Msimu wa kwanza bila Hill, walichukua Super Bowl, fainali ya ligi, kwa kuwafunga Eagles wa Philadelphia 38-35. Msimu wa pili wakaichukua tena, 25-22 dhidi ya San Francisco.

Itafute video ya robo ya mwisho ya ile fainali ya Februari 2023, uitazame taratibu. Chiefs wako karibu na mstari wa goli. Risiva Kadarius Toney anaanza pembeni, anakimbia kuelekea katikati kabla mpira haujaanzishwa, kama mtu anayehamia upande wa pili. Beki wake anahama naye, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa. Ghafla Toney anasimama, anarudi alikotoka. Beki ameshapitiliza. Mpira unaanzishwa, Toney anadaka akiwa peke yake, hakuna mtu hata wa kumpungia mkono. Dakika chache baadaye wakarudia mbinu ileile upande wa pili, na Skyy Moore akafunga akiwa peke yake vilevile. Toney na Moore hawakuwa nyota, wala hawakuwa nyota baadaye. Kocha Andy Reid na wasaidizi wake waliona tabia ya mabeki wa Eagles kwenye video, wakaichongea ufunguo. Mwaka mmoja baadaye, tachidauni iliyomaliza Super Bowl dhidi ya San Francisco, yadi 3 kwa Mecole Hardman, ilikuwa ya ukoo uleule.

Mimi huwaonyesha vijana wangu video ile kila mwaka. Huwa kimya chumba kizima.

Lakini nisikudanganye kwamba risiva hana thamani, maana hapo ningekuwa naikana kazi yangu mwenyewe. Hata Chiefs walilipia ubahili wao. Novemba 2023, dhidi ya Eagles, kwotabeki wao Patrick Mahomes alimpigia risiva Marquez Valdes-Scantling pasi ndefu mwishoni mwa mechi, ikamfika mikononi, ikamponyoka. Wakafungwa 21-17. Msimu mzima ule risiva wao walidondosha mipira mpaka ikawa aibu. Kilichowavusha ni ulinzi: waliruhusu pointi 294 katika mechi 17, na timu moja tu ilifanya vizuri zaidi yao. Mwenye ulinzi wa namna hiyo anaweza kuvumilia mikono yenye mafuta. Asiye nao hawezi.

Na nyinyi mnao mfano wenu wenyewe, mkubwa kuliko wote. Msimu wa 2019 Bills walifunga pointi 314 tu. Allen, kijana wa mwaka wa pili, pasi zake zilizofika zilikuwa asilimia 58.8. Machi 2020 Buffalo ikatoa chaguo lake la raundi ya kwanza na mengine juu yake, ikamleta Stefon Diggs kutoka Minnesota. Msimu huo Diggs akaongoza ligi kwa pasi 127 na yadi 1,535. Pasi za Allen zikapanda hadi asilimia 69.2. Pointi zikafika 501. Allen alikuwa na mkono wa ajabu, ila hakuwa na mtu anayejua kujinasua mapema na kumpa shabaha ya kuamini. Diggs alimfundisha kuamini. Wakati ule hitaji lilikuwa la kweli na bei yake ilikuwa halali, hata ukijua kwamba chaguo lile Minnesota walimpatia Justin Jefferson.

Miaka minne baadaye, Aprili 2024, Diggs akapelekwa Houston. Davis naye alikwisha kwenda Jacksonville. Watu walilia hapa kama msiba. Pesa za mkataba wa Diggs zilizokuwa bado hazijahesabiwa kwenye kikomo cha mishahara ambacho ligi huiwekea kila timu zikaikalia timu shingoni, karibu dola milioni 31 kwa mtu asiyekuwepo. Nini kikatokea? Bills walifunga pointi 525, nyingi kuliko msimu wowote katika historia yao. Hakuna risiva hata mmoja aliyefika yadi 1,000. Khalil Shakir aliongoza kwa yadi 821. Allen akatangazwa mchezaji bora wa ligi. Aliangushwa mara 14 tu msimu mzima, na James Cook akafunga tachidauni 16 kwa kukimbia na mpira. Bills wakawa timu ya kwanza kufunga tachidauni 30 au zaidi kwa pasi na 30 au zaidi kwa mbio ndani ya msimu mmoja.

Timu ileile, kwotabeki yuleyule. 2020 alimhitaji risiva mkubwa, 2024 hakumhitaji ili afunge pointi nyingi. Kilichobadilika ni Allen mwenyewe, laini iliyo mbele yake, na kocha wa ushambuliaji Joe Brady kugawa mpira kwa watu wengi. Ndiyo maana mtu akiniuliza "timu hii inahitaji risiva?" huwa namwuliza kwanza: kwotabeki wako anapata sekunde ngapi?

Katika mazoezi huwa nashika saa. Njia nyingi tunazowafundisha vijana zinakomaa kati ya sekunde mbili na nusu na tatu. Njia ndefu inataka zaidi. Laini ikivunjika kwenye sekunde ya pili, risiva wangu wote ni mapambo.

Cincinnati wanalijua hili kuliko mtu yeyote. Novemba 2020 goti la kwotabeki wao Joe Burrow lilivunjwavunjwa kwa sababu laini yake ilikuwa wazi kama geti la shamba. Kwenye drafti ya 2021 walikuwa na chaguo la tano. Nusu ya watu wakasema wamchukue Penei Sewell wa laini, nusu wakasema Ja'Marr Chase, risiva aliyecheza na Burrow chuoni LSU. Wakamchukua Chase. Akapata yadi 1,455 msimu wake wa kwanza na Cincinnati ikafika Super Bowl. Walioshangilia walikuwa na haki. Lakini kwenye fainali ile Rams wa Los Angeles walimwangusha Burrow mara saba. Dauni yao ya mwisho, dauni ya nne na yadi 1, wakiwa nyuma 23-20, Aaron Donald wa Rams alipenya akamshika Burrow akimzungusha. Ukiirudia picha utamwona Chase mbali kule juu, beki wake Jalen Ramsey ameteleza, Chase anakimbia peke yake kuelekea goli. Alikuwa huru kabisa. Burrow alihitaji kama sekunde moja nyingine tu, akaikosa.

Na msimu wa 2024 Chase akaongoza ligi kwa kila kitu: pasi 127, yadi 1,708, tachidauni 17. Burrow akaongoza kwa yadi na tachidauni za pasi. Cincinnati hawakuingia hata mtoano, kwa sababu ulinzi wao ulikuwa unavuja kila wiki. Machi 2025 walimpa Chase mkataba wa zaidi ya dola milioni 40 kwa mwaka. Kikomo cha mishahara kwa timu nzima mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 279.2, na wachezaji ni 53. Fanya hesabu: mtu mmoja wa pembeni amekula karibu sehemu moja ya saba ya chungu. Nampenda Chase mpaka naweza kumtazama usiku kucha, lakini hilo ni pengo ambalo mtu mwingine kwenye kikosi atalilipia.

Utaniuliza: basi yupo risiva anayestahili bei? Yupo. Philadelphia walimpata risiva A. J. Brown usiku wa drafti ya 2022 kutoka Tennessee kwa chaguo la 18 na la 101, wakampa dola milioni 100 kwa miaka minne. Kwotabeki wao Jalen Hurts alikuwa na laini bora kwenye ligi, alikuwa na watu wa kukimbia, alikuwa na muda. Alichokosa ni mwanaume wa nguvu wa kushinda mpira mbele ya beki aliyemng'ang'ania. Walipompata, wakashinda mechi 14 na kufika fainali. Tennessee waliomuuza walifungwa na Eagles 35-10 Desemba ile, Brown akifunga mara mbili, na siku chache baadaye meneja wao mkuu akafukuzwa kazi. Nafasi ilikuwa moja, iliyo wazi, na mtu aliyeijaza alilingana nayo. Lakini yakumbuke yaliyotangulia: laini, mbio, muda. Brown alikuwa tofali la juu.

Sasa tuje kwenye nafasi yenu iliyo wazi, maana ipo, na wenzako wa kazini hawajakosea kabisa.

Nina kijana mmoja, mwaka huu ana miaka 16. Ana mbio, ana mikono, lakini beki akimsimamia usoni kwa usoni na kumsukuma kifua anapoanza, anakwama. Miguu inacheza ngoma papo hapo, kushoto kulia kushoto kulia, hatua sita, na saa yangu inahesabu. Namwambia asitazame macho ya beki, wala mabega, atazame kiuno. Kiuno hakidanganyi. Kikigeuka kidogo tu nje, mguu wa ndani unakata, mkono unapangua mkono wa beki, na hatua ya tatu lazima iwe mbele, si pembeni. Akikifanya hicho, mimi nimesimama yadi 30 naona beki amebaki mgongoni kwake. Wiki tatu tumefanya hilo tu. Siku anapofaulu, anafaulu kwa nusu sekunde, na nusu sekunde ndiyo mchezo wote.

Kufikia Aprili 2025, Bills hawana mtu mzima wa kufanya hivyo pembeni. Shakir ni hodari, na Februari 2025 walimwongezea mkataba kwa haki kabisa, lakini yeye ni mtu wa ndani, anayefanya kazi katikati ambako nafasi huzaliwa na mpangilio. Keon Coleman, waliyemchagua wa 33 mwaka 2024, ni mrefu na anaruka vizuri, alipata yadi 556, ila si mtu wa kumtoroka beki. Amari Cooper walimleta Oktoba 2024 kwa chaguo la raundi ya tatu, akadaka pasi 20 tu katika mechi nane za msimu wa kawaida, na mkataba wake umekwisha. Ndiyo maana timu yenye ujasiri, kama Chiefs, inaweza kukaba mtu kwa mtu pembeni na kumtuma hadi beki wa pembeni akamvamie Allen. Hawaogopi kuadhibiwa kwa pasi ndefu. McDuffie aliachiwa kazi ile kwa sababu hapakuwa na wa kuwatisha.

Na hapa kuna jambo linalouma. Kwenye drafti ya 2024 Bills walikuwa na nafasi ya 28. Wakaiuza kwa Kansas City wenyewe. Chiefs wakamchukua Xavier Worthy, aliyekuwa ametoka kuweka rekodi ya mbio za yadi 40 kwenye majaribio ya ligi, sekunde 4.21. Miezi tisa baadaye, kwenye mechi ileile ya 32-29, Worthy alidaka pasi 6 kwa yadi 85 na tachidauni moja. Sisemi angewafanya mabingwa. Nasema aina ya mtu mnayemkosa ni ile, na mlikuwa mmemshika mkononi.

Kwa hiyo ningekuwa mimi ndiye Brandon Beane, meneja mkuu wa Bills, Aprili hii ya 2025, chaguo la 30 ningempa mtu wa ulinzi bila kusitasita: beki wa pembeni au mtu wa kumsumbua kwotabeki. Kansas City walifunga 32 siku ile, pointi nyingi kuliko mechi yoyote waliyokuwa wamecheza msimu ule, na ulinzi uliowaruhusu ni wenu. Raundi ya pili Bills wana machaguo mawili, na moja ndilo malipo ya Diggs. Hilo ningelitumia kwa risiva mwenye mbio, hata kama bado hajaiva, hata kama atadaka pasi 30 tu mwaka wa kwanza. Machi 2025 walimsajili risiva Joshua Palmer kutoka timu ya Chargers, naye anajua kukata njia, kwa hiyo pembeni hamko watupu kabisa. Nyota wa dola milioni 30 ningemwacha apite. Allen ndiye amesaini mkataba mpya wa dola milioni 330 kwa miaka sita, na pesa za kumzungushia nyota kila kona hazipo.

Mzee akikuuliza tena, mwambie hivi: mkipata watu wa kuzuia kwanza, halafu mmoja mwenye mbio, mtakuwa karibu. Mkipata risiva watatu na ulinzi uleule, mtafungwa 38-35 badala ya 32-29.

Na Septemba ligi ikirudi, fanya jambo moja. Bills wakiwa na mpira, dauni ya tatu, usimtazame Allen. Tazama mabeki wawili wa mwisho, wale waliosimama nyuma kabisa katikati ya uwanja, uhesabu wako yadi ngapi kutoka kwenye mpira. Hill alipokuwa Kansas City, wakati mwingine walikuwa wanarudi hadi yadi 15 na zaidi kabla mchezo haujaanza, kwa woga tu, na Kelce alikuwa anakula nafasi yote waliyoiacha. Ukiwaona wamerudi nyuma hivyo mbele ya Bills, jua aliyechaguliwa anafanya kazi hata siku ambayo hajadaka hata pasi moja. Ukiwaona wamesimama yadi nane, wametulia, mmoja wao anaanza kunyata kumwendea Allen, niandikie tena. Siku hiyo nitakuwa upande wa wenzako wa kazini.